Toba ya machozi na mizani ile ile, hii imekaaje?

Mwana_Ngamiani:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Jirani yangu wa meza hapa soko la samaki juzi kaenda mkutano wa injili Tangamano, kalia mpaka shati limelowa, kaongozwa sala ya toba, karudi anasema yeye mtu mpya. Sawa. Asubuhi nainama kuokota ndoo naona kile kipande cha madini ya risasi anachopunjia wateja bado kimegandishwa chini ya sahani ya mizani yake, na vibua anauza huku anaimba pambio. Sasa mchungaji wetu anasema toba ni mageuzi ya ndani, nia ndo inageuka, machozi sio kitu. Nakubali, ila ya ndani nani anayaona? Kila mtu si atasema mi ndani nishageuka?

Mpita_Pangani:
Mchungaji yuko sahihi mkuu, Yoeli 2:13 rarueni mioyo yenu wala si mavazi yenu. Mcheki mwana mpotevu wa Luka 15, yule aliyetapanya urithi akaishia kulisha nguruwe, watu wanakimbilia pale baba anapomkumbatia ila mambo yalishageuka kule kule kwenye nguruwe, "alipozingatia moyoni mwake", hajapiga hatua hata moja, hakuna mhubiri wala kwaya, ila kashaanza kujiona alivyo na kumkumbuka baba yake alivyo. Na kilichomwamsha ni njaa hahaha, sio utakatifu. Mpe jamaa muda.

BintiRaskazoni:
Muda wa nini wakati wateja wanapunjwa leo? Zakayo mtoza ushuru alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali kwa maskini na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, Luka 19 hapo haionyeshi Yesu kamgusia hata senti. Ndani pakigeuka mkono unafuata. Na watoza ushuru walipomuuliza Yohana Mbatizaji tufanye nini hakuwaambia lieni, kawaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Hiyo si ndo mizani yenyewe?

Makorora_Kwetu:
Mi mwislamu nachungulia tu. Kwetu toba uache dhambi, ujute, uazimie kutorudia, na kama ni haki ya mtu umrudishie. Huyo wa risasi hata kwetu hapiti 😂

Mpita_Pangani:
Binti nakuelewa ila kuna Yuda. Mathayo 27 alijuta, akakiri mbele ya makuhani kwamba kasaliti damu isiyo na hatia, na vile vipande 30 vya fedha akavirudisha vyote, na bado ikaishia pabaya. Petro aliyemkana Yesu hakurudisha chochote, kalia kwa majonzi tu, ila Yohana 21 aliposikia ni Bwana yuko ufukweni kajitupa baharini kumfuata. Wote wawili walijuta, mmoja kabaki na kosa lake mwingine kamgeukia Bwana. Ndo ile 2 Wakorintho 7:10, huzuni ziko mbili, ya Mungu na ya dunia. Kwa hiyo kurudisha peke yake nako sio ushahidi.

BintiRaskazoni:
Sawa mwalimu, ila mi nikija kununua kibua simpimi Yuda, nataka kilo yangu itimie.

Mwana_Ngamiani:
Asanteni nimepata pa kuanzia. Mathayo 18:15 inasema umwonye mkiwa wawili tu, kwa hiyo kesho kabla ngalawa hazijaingia namwambia kaka, kile kitu chini ya sahani nimekiona. Akinuna anune.

BintiRaskazoni:
Ila usiende na Biblia kwapani, atajua umekuja kumhukumu.