Mjadala: Bora Milutinović alijenga timu, au alikuwa kocha wa kupita tu?

Kila anapotajwa Bora Milutinović, Mserbia aliyeichezea Partizan ya Belgrade kabla ya kuwa kocha, huzuka hoja ileile: kwamba mtu aliyeongoza timu tano tofauti katika fainali tano mfululizo za Kombe la Dunia, kuanzia 1986 hadi 2002, alikuwa akivuna mashamba yaliyolimwa na wenzake. Mimi naipinga hoja hiyo, na ninawaomba wanaoishikilia waitazame Kosta Rika.

Alikabidhiwa timu hiyo ikiwa imebaki miezi michache kuelekea fainali za Italia za 1990, ambazo ndizo zilizokuwa za kwanza kwa taifa hilo dogo. Waliifunga Scotland 1-0, wakafungwa na Brazil kwa bao moja tu, kisha mjini Genoa wakatoka nyuma dhidi ya Uswidi: dakika zikiyoyoma, matokeo yakiwa 1-1, Hernán Medford alichomoka peke yake na mpira hadi kwa kipa, akaupachika wavuni, na Kosta Rika ikaingia hatua ya mtoano. Katika kikosi hicho alikuwamo kiungo Alexandre Guimarães. Miaka 12 baadaye, tarehe 4 Juni 2002 katika Kombe la Dunia, mjini Gwangju, Korea Kusini, China iliyokuwa ikinolewa na Bora ilichapwa 2-0 na Kosta Rika, na kocha wa Kosta Rika siku hiyo alikuwa Guimarães huyohuyo. Kocha wa kupita haachi mwanafunzi wa namna hiyo.

Nakiri kwamba China ndiyo silaha kubwa ya wapinzani wangu, kwa sababu ilifungwa mabao 9 katika mechi tatu bila kupata hata moja, na tangu hapo haijarudi fainali. Hata hivyo, ni yeye aliyeifikisha huko kwa mara ya kwanza, na kulea vijana wa miaka iliyofuata hakukuwa tena mikononi mwake.

Halafu kuna Meksiko, ambako aliichezea klabu ya Pumas, akaipa ubingwa wa ligi wa 1980-81 akiwa kocha, na mwaka 1986 akaifikisha timu ya taifa robo fainali, ilikotolewa na Ujerumani Magharibi kwa mikwaju ya penalti. Alirudi kuinoa mwaka 1995, akaifuzisha kwa fainali za 1998, na bado akaondolewa kabla ya fainali zenyewe. Wanaomwita mpita njia watueleze: hapo aliyekosa subira alikuwa nani?