Pikapu ya kuzungusha kwa mkono: koili moja, koili mbili au P-90?

Mpiga Solo, Umoja
Habari zenu. Nimegeuza cherehani kuukuu ya marehemu mama kuwa mashine ya kuzungushia waya wa pikapu, ile sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa nyuzi za gita. Anayehesabu ni kalkuleta: nimefungua kitufe cha "=" nikaunga swichi ndogo ya sumaku, naandika 1+1, kisha kila gurudumu likizunguka mara moja namba inapanda. Ukikimbiza sana inaruka, kwa hiyo naenda polepole. Waya ninao wa milimita 0.063, unatosha pikapu mbili. Gita hili napigia benga, na pikapu iliyopo kwenye daraja ni ya sumaku ya kauri. Sauti yake nzito, nyuzi nyembamba hazichomozi. Nianze na ipi?

Fundi wa Luthuli
Koili moja. Solo ya benga inaishi juu kwenye nyuzi nyembamba, inataka sauti inayokata. Tafuta vijiti sita vya sumaku ya Alnico 5, zungusha mizunguko 7,800 hivi. Hapo umeshakula zaidi ya kilomita moja ya waya, na multimita itasoma ukinzani wa karibu kilo-omu 6. Usishawishike kuongeza. Kila ukiongeza mizunguko nguvu inapanda, lakini makali ya juu yanashuka, na hayo makali ndiyo unayoyatafuta.
P-90, ile pikapu ya koili moja ya Gibson, huwa na mizunguko kama 10,000 kwenye koili fupi na pana. Naipenda kwa ridhimu, ina kifua. Kwa solo yako, hapana.

Besi Kayole
Fundi, umesahau mvumo. Mimi napiga kanisani, taa na spika zote ziko kwenye laini moja ya umeme, na koili moja inanguruma tangu sala ya kufungua. Seth Lover wa Gibson alitengeneza pikapu ya koili mbili mwaka 1955 kwa ajili ya tatizo hilohilo: koili ya pili imegeuzwa, na sumaku yake imegeuzwa pia, basi mvumo unafutana huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Mizunguko kama 5,000 kila koili. Kazi ni mara mbili, sawa, lakini utalala usingizi.

Dada Solda
Kaka Besi, ni kweli, lakini kwa mtu anayeanza koili mbili ni nafasi mbili za kukata waya. Mimi ya kwanza ilikatika nikiwa mizunguko 5,200. Nilikuwa nauongoza waya kwa kipande cha flaneli katikati ya vidole, nikakaza kidogo tu mlango ulipogongwa. Ncha yenyewe ni nyembamba kuliko unywele, nikaitafuta kwa lenzi karibu saa nzima. Kuna waya ambao rangi yake inaungua yenyewe ukiugusa na solda ya moto, na kuna ule unaotaka kukwaruzwa kwa msasa laini kwanza. Jaribu kwenye kipande kabla hujaanza.
Jambo lingine: usilinganishe pikapu kwa omu pekee. Niliwahi kutumia waya wa milimita 0.05 niliotoa kwenye rilei (swichi ya umeme yenye koili), ikasoma kilo-omu 9, nikadhani nimepata pikapu kali. Mizunguko ilikuwa ileile! Waya mwembamba una ukinzani zaidi, basi.

Kijana wa Githurai
Samahani wakubwa, sumaku ya spika mbovu au ya "hard disk" ya kompyuta haiwezi kutumika?

Fundi wa Luthuli
Ya spika ni kauri, unaweza kuiweka chini ya koili yenye vyuma sita vya kawaida. Ila vyuma hivyo vinaongeza uzito wa sauti, na huo ndio ugonjwa anaoukimbia Mpiga Solo. Tena kauri ni ngumu na inavunjika kama kigae, usijaribu kuikata kwa msumeno. Ya "hard disk" iache: ina nguvu kupita kiasi, inavuta nyuzi hadi noti za juu zinatoka nje ya tuni.
Mpiga Solo, ukimaliza ichovye kwenye nta, sehemu nne za nta ya mshumaa na moja ya nyuki, la sivyo itapiga mluzi ukifungua amplifaya. Sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria ya maji, nyuzijoto 60 hadi 65. Usiibandike moja kwa moja kwenye jiko, nta inashika moto.

Mpiga Solo, Umoja
Nimemaliza jana usiku. Mizunguko 7,740, kilo-omu 5.8. Jamani, ule uzi wa kwanza! Nimepiga mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akauliza kama ni gita jipya. Mvumo upo nikikaa karibu na televisheni. Nikigeuka ubavu unapungua sana.
Jumamosi naanza pikapu ya upande wa shingo ya gita. Nitazungusha kinyume na kugeuza sumaku, ili nikiziwasha zote mbili mvumo ufutane kama alivyosema Besi. Fundi, 7,400 inatosha?

Fundi wa Luthuli
Inatosha. Weka alama ya mshale kwenye cherehani kabla hujawasha, usije ukasahau upande.