Wakuu naomba ushauri: napewa chotara wa mbwa na mbwa mwitu wa Ulaya, nyumbani nina watoto na mbuzi

Mfugaji wa Pongwe
Habari zenu wakuu. Naishi Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Nafuga mbuzi na kuku wa kienyeji. Mbele nina ukuta, nyuma ni seng'enge tu. Wezi wa mifugo wametuandama mtaani kwetu hadi watu wanalala kwa zamu.

Sasa kuna mzungu mmoja nilimjengea banda, mkataba wake wa kazi unaisha anarudi Ulaya. Ana mbwa dume wa miezi minane, alikuja naye akiwa mdogo. Anasema ni chotara, babu yake ni mbwa mwitu halisi wa Ulaya, wengine wote kwenye ukoo ni jamani shepherd. Ananipa bure kabisa, na chakula cha kuanzia.

Nilikwenda kumwona na mwanangu wa miaka mitano. Mbwa alimlamba viganja, akalala chali akunwe tumbo. Ila ilipopita bodaboda alijibana nyuma ya tangi la maji, mkia katikati ya miguu, hakutoka mpaka tulipoinuka kuondoka. Halafu mbuzi wa jirani alipolia, masikio yalisimama wima akawa anatazama upande ule bila kupepesa. Nikaona ana akili sana.

Je, atafaa kwa ulinzi? Na joto letu hili ataliweza? Mke wangu hataki kabisa, mimi namtaka.

Kijana wa Makorora
Chukua mkuu. Mwizi akiona mnyama wa vile getini harudi tena. Siku hizi mbwa mzuri ni hela, wewe unapewa bure bado unauliza.

Dokta wa Mifugo
Kaka, majibu yako umeyaandika mwenyewe, ni kuyasoma tu. Mbwa wa miezi minane anayejificha kwa sababu ya bodaboda hatasimama mbele ya mwizi mwenye panga. Huo si utoto. Ndiyo damu ya porini hiyo. Mbwa mwitu ameishi miaka yote hii kwa kumkimbia binadamu, na woga huo haufutiki kwa kizazi kimoja au viwili.

Waliojaribu kabla yetu waliliona hili. Huko Uholanzi miaka ya 1930, Leendert Saarloos alimpandisha jamani shepherd kwa mbwa mwitu jike, akitarajia kupata mbwa wa kazi mwenye nguvu na afya kuliko wa kawaida. Alipata wanyama wazuri wa sura, ila waoga, wanaokwepa wageni. Aina hiyo ilikuja kutambuliwa rasmi mwaka 1975 na mpaka leo haisifiki kwa ulinzi. Chekoslovakia nao walianza jaribio lao mwaka 1955, wakitaka mbwa wa kulinda mipaka. Hao wakafanikiwa kiasi, lakini lilikuwa jeshi, lenye wakufunzi na mabanda maalumu, na walirudishia damu ya jamani kizazi baada ya kizazi. Wewe una seng'enge na watoto.

Tena mbwa mwitu habweki ovyo kama mbwa wetu. Mlinzi asiyebweka usiku atakusaidia nini?

Hilo la mbuzi ndilo lililonitisha zaidi. Kusimamisha masikio na kukazia macho bila kupepesa ni hatua ya kwanza ya kuwinda. Leo ana miezi minane, bado mtoto. Mbwa mwitu hukomaa akiwa na miaka miwili hivi au zaidi, na machotara wengi hubadilika tabia kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Hapo ndipo mwenye mnyama anaanza kusema "mbona amegeuka?" Hajageuka, amekua. Anaanza kupima nani mkubwa wa nyumba, anakataa kunyang'anywa chakula, na mtoto anayekimbia huku akipiga kelele anaweza kumwamshia kilekile ulichokiona mbuzi alipolia.

Joto atalivumilia akipata kivuli na maji. Manyoya yake ni tabaka mbili, Tanga atateseka, lakini hilo ndilo dogo kuliko yote hapa.

Dada wa Raskazone
Naunga mkono. Nimeishi Uingereza miaka kadhaa. Kule chotara wa kizazi cha kwanza na cha pili huwezi kumweka bila leseni ya wanyama hatari, ni sheria ya mwaka 1976. Kuanzia kizazi cha tatu ndiyo anahesabiwa mbwa wa kawaida. Kama babu ndiye mbwa mwitu, basi huyo wako ni kizazi cha pili.

Ila kaka, umeona karatasi zake? Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni haski (mbwa wa nchi za baridi anayefanana na mbwa mwitu) aliyechanganywa na jamani. Mwangalie macho: mbwa mwitu mkubwa ana macho ya njano au rangi ya asali, hana ya buluu. Miguu mirefu, kifua chembamba, nyayo kubwa kuliko unavyotegemea. Hakika kamili inataka kipimo cha vinasaba.

Mfugaji wa Pongwe
Ahsanteni. Dada, macho ni ya asali na nyayo ni kubwa kweli, na karatasi za mfugaji wa huko anazo. Dokta, nikimfunga mnyororo mchana na kumwachia usiku? Na chanjo ya kichaa cha mbwa anayo, nimeiona kwenye pasipoti yake, kwa hiyo upande huo si tuko salama?

Dokta wa Mifugo
Mnyororo utaongeza woga, na mnyama mwoga asiye na pa kukimbilia huuma. Watoto ndio huwa wanafika hadi ulipoishia mnyororo. Uzio unaomfaa huyu ni wa mita 2.4 hivi kwenda juu, na waya uzikwe chini maana ni mchimbaji. Piga hesabu ya kuzungusha kiwanja chote uone kama bado ni wa bure.

Kuhusu chanjo nisikilize vizuri. Chanjo tunazotumia zimefanyiwa majaribio na kusajiliwa kwa mbwa. Marekani hakuna hata moja iliyosajiliwa kwa machotara wa mbwa mwitu. Madaktari huwachanja, na mimi ningemchanja, lakini hakuna anayekupa dhamana. Na ona tofauti: mbwa wa kawaida akimuuma mtu, anawekwa chini ya uangalizi siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, tunajua hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Kwa chotara kipimo hicho cha siku hakijathibitishwa, ndiyo maana kule Marekani akiuma mara nyingi huuawa ili ubongo upimwe.

Na kwa yeyote anayesoma hapa: ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri dalili, maana zikishatokea ni kifo. Pilipili, mafuta ya taa, unga wa betri, msipake jamani.

Mzee wa Sahare
Wanangu, mimi nasema la ujirani. Dini haijakataza mbwa wa kulinda mifugo na shamba, hilo lina ruhusa yake. Lakini Pongwe watoto wanapita alfajiri na jioni kwenda madrasa, na mtoto wa watu akimwona mbwa anakimbia. Wewe utakuwa umelala, mnyama karuka seng'enge. Utamwambia nini mzazi mwenzio? Mkeo amekataa na yeye ndiye anayeshinda nyumbani na watoto. Msikilize.

Mpita Njia Korogwe
Samahani kuingilia. Huku kuna kijana anasema ana watoto wa mbwa mwitu wetu hawahawa wenye madoa, waliochanganyika na mbwa wa kijijini. Anauza. Hao vipi?

Dokta wa Mifugo
Huo ni uongo ndugu yangu. Mbwa mwitu wa kwetu na mbwa wa nyumbani hawazaliani kabisa, wako mbali kidamu. Mwangalie miguu ya mbele: mbwa mwitu wetu ana vidole vinne tu, hana kile cha tano cha juu alicho nacho mbwa. Kikiwepo, unauziwa mbwa koko. Kisipokuwepo, huenda umeshika mnyamapori halisi, na kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Watu wamehangaika miaka mingi kuwazalisha pale Mkomazi ili wasitoweke. Toa taarifa kwa askari wa wanyamapori, usinunue hata kwa huruma.

Huku Afrika, mmoja anayezaliana na mbwa ni mbwa mwitu wa Ethiopia. Wamebaki chini ya 500 duniani, na mbwa wa wafugaji wanawaua kwa njia mbili: kuwaambukiza kichaa na kuwachafulia damu. Kuchanganya hawa wanyama kunaumiza pande zote mbili.

Mfugaji wa Pongwe
Shikamoo mzee wa Sahare. Nimemsomea mke wangu uzi mzima, tumekubaliana simchukui. Ila jamaa anasema nisipomchukua mimi atampa mtu wa Muheza anayefuga kondoo. Roho inaniuma, mnyama mwenyewe hana kosa. Nimwambie nini?

Dokta wa Mifugo
Mwambie arudi naye, na aanze leo. Mbwa anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania lazima awe na chipu, chanjo, na kipimo cha damu cha kinga ya kichaa. Damu hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, hupimwa kwenye maabara wanayoitambua wao, kisha husubiri miezi mitatu. Lakini kama alipimwa kabla ya kuja huku na imeandikwa kwenye ile pasipoti, na chanjo haijakatika, ile miezi mitatu haimhusu. Afungue pasipoti aangalie. Na kwa kuwa ndani ya vizazi vinne kuna mbwa mwitu halisi, aulize pia Idara ya Wanyamapori kuhusu kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), na aulize mamlaka za nchi yake kama chotara wa kizazi hicho anaruhusiwa, kabla hajakata tiketi.

Wewe tafuta watoto wawili wa mbwa wa kienyeji, mama yao umwone kwa macho akiwa na watu na mbuzi. Chanjo ya kichaa wakifika miezi mitatu, walale karibu na zizi tangu wadogo. Na weka taa nyuma, kwenye seng'enge.

Mfugaji wa Pongwe
Nimempigia. Kipimo kipo, kilifanyika kabla hajasafiri. Wiki hii anakwenda kuulizia kibali. Wa Muheza ameshaambiwa hapana.