Nguo ya kubana ndani ya gauni la harusi: ipi yafaa joto la Januari?

bi_harusi_mtarajiwa
Mashoga, nisaidieni. Gauni ni la satini, limebana hadi magotini kisha likachanua, mgongo wazi. Sherehe ya kupamba ni Januari, na jukwaani nitakaa kwa muda wa kama saa nne. Kiuno sm 82, nyonga sm 108. Koseti ya vijiti au suruali ya kubana? Nikichukua saizi ndogo, tumbo litaingia zaidi?

sindano_na_uzi
Saizi ndogo usiiguse. Haiondoi nyama, inazisukuma tu: zitatokeza chini ya sidiria na mapajani, na satini haifichi kitu. Tena ukingo wa juu hujikunja kila ukikaa. Kiuno na nyonga zikiangukia saizi mbili tofauti, chukua kubwa.

Koseti iache. Vijiti vitajichora kwenye satini, na kuketi navyo saa nne ni adhabu. Tafuta suruali ya kiuno kirefu inayofika chini ya matiti, miguu ikomee juu kidogo ya goti. Ikiishia katikati ya paja, hapo gauni lilipobana pataonekana mkato. Iwe haina pindo nene, na rangi ya ngozi yako. Nyeupe huonekana ndani ya gauni jeupe, ingawa madukani wenyewe watakusukumia hiyo hiyo.

kungwi_wa_kibokoni
Nunua kabla ya kupimwa gauni mara ya mwisho, uende kwa fundi umeivaa. Gauni likipunguzwa bila hiyo, siku yenyewe litapwaya kiunoni.

Na kaskazi hii, mwanangu, ngoja jasho likatike ndipo uvae. Mafuta ya nazi usipake mapajani: ule ukanda wa silikoni unaoshika ngozi utateleza. Ikunje yote, pandisha kidogo kidogo kwa viganja, si kwa kucha. Chukua yenye uwazi chini, la sivyo chooni utavuliwa gauni zima. Ijaribu nyumbani kwa muda wa saa mbili, kaa, inama, panda ngazi. Ganzi pajani, kiungulia au pumzi fupi, hiyo yabana mno.

bi_harusi_mtarajiwa
Shukran. Mgongo umeshuka chini ya mkanda wa sidiria, lakini.

sindano_na_uzi
Basi suruali ya kiuno kirefu itachungulia nyuma. Chukua bodisuti, vazi moja la kubana kiwiliwili chote, yenye mgongo ulioshuka na miguu mirefu vile vile. Sidiria usivae, mwambie fundi akushonee vikombe ndani ya gauni.