Kuhamia Mwanza: Buhongwa, Kiseke au Kisesa kwa kodi ya 150,000?

Mgeni wa Rock City
Habari zenu wakuu. Familia yetu ni watu watano, kazi ipo mjini karibu na Soko Kuu. Tunatafuta vyumba viwili na sebule, choo ndani, kodi isizidi 150,000 kwa mwezi, mahali patulivu penye nafasi ya watoto kucheza. Nimetajiwa Buhongwa, Kiseke na Kisesa. Wengine wanasema nipande tu mlimani Mabatini, ni karibu na bei ni nafuu. Nikague nini kabla sijatoa hela?

Njia Panda
Karibu Mwanza. Anza na barabara, mtaa utafuata. Mji umebanwa na ziwa na milima ya mawe, kwa hiyo daladala za kuingia katikati zinategemea njia kuu tatu: Kenyatta (Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa hadi Usagara), Nyerere (Mabatini, Nyakato, Igoma hadi Kisesa) na Makongoro (Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege).

Unachokitafuta ni nyumba ambayo ukitoka mlangoni unatembea hadi kituoni na kupanda gari moja tu. Piga hesabu: nauli ikiwa 600, gari moja kwenda na kurudi kwa siku 26 za kazi ni 31,200. Magari mawili ni 62,400. Nyumba ya ndani ndani iliyo nafuu kwa 30,000 haijakuokolea kitu, na hapo bodaboda ya usiku wa mvua hatujaihesabu.

Kisesa ni wilaya ya Magu tayari. Nafasi ipo, ila asubuhi unaikuta foleni ya Igoma na Nyakato yote mbele yako. Kiseke mitaa imepangika na kuna lami ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu. Mimi ningetazama Kiseke na Buhongwa kwanza, nyumba zisizozidi dakika kumi kwa miguu kutoka lami.

Fundi Bomba
Naongeza maji, maana hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Wanaona ziwa dirishani wanadhani bombani pia yapo.

Kila mita 10 za kupanda, maji yanapoteza presha ya baa moja. Nyumba iliyo mita 30 juu ya bomba kuu inakula baa tatu kabla tone halijatoka. Ndiyo maana mlimani maji mara nyingi huja saa nane usiku, wa bondeni wakiwa wamefunga koki zao. Kwa hiyo usikague nyumba asubuhi tu. Nenda saa moja jioni, wakati kila mtu anapika na kuoga, fungua koki ya nje iliyo karibu na mita, weka ndoo ya lita 20 chini yake na utazame saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili, uko salama. Ikifika dakika nane, utaamka usiku kukinga. Koki ya ndani isikudanganye, hiyo huenda inatoa maji ya tenki.

Tazama pia milango ya majirani. Safu ya madumu ya njano yenye mifuniko iliyofungwa kwa kamba inakwambia ukweli kuliko dalali.

Watu watano wakitumia madumu saba kwa siku ni lita 140. Tenki la lita 1,000 linakwisha siku ya saba. Mgao ukiwa wa mara moja kwa wiki, ukichelewa siku moja tu umekauka. Uliza kama lipo la lita 2,000, na kama limewekwa juu ya msingi wa zege au matofali yaliyopangwa tu, maana likijaa lina uzito wa tani mbili.

Mabatini mlimani, zaidi ya maji kuna choo. Kuchimba mwamba ni ghali, mashimo yanakuwa mafupi na yanajaa upesi, na gari la majitaka halipandi ngazi za mawe. Uliza lilinyonya lini mara ya mwisho na lilisimama wapi. Jiwe kubwa lililo juu ya nyumba, angalia chini yake: ukiona udongo mbichi umemomonyoka, acha hiyo nyumba. Na ukishuka bondeni karibu na Mto Mirongo, tafuta mstari wa tope kwenye kuta za nje. Kama rangi ni mpya hadi usawa wa goti na juu ni ya zamani, maji yameshaingia humo.

Mgeni wa Rock City
Asanteni sana. Na upande wa Luchelele, ufukweni kabisa? Mke wangu amepapenda.

Mama Mjumbe
Baba, papendeni lakini msogee nyuma. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na ziwa lenyewe lilipanda sana 2020 na tena 2024. Pima kwa hatua, usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Watoto wasioge wala kuchezea maji ya pembeni, kuna kichocho. Weka nyavu madirishani.

Kwenye hela: kodi ya miezi sita ni 900,000, dalali mwezi mmoja 150,000, jumla 1,050,000 kabla ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) la kuhamisha vyombo. Hakikisha mna mita ya umeme (LUKU) yenu peke yenu. Mita ya kuchangia huvuka uniti 75 kwa mwezi za D1, daraja la bei nafuu la TANESCO kwa wanaotumia umeme kidogo, na bei ya umeme inapanda kwa wote. Kodi ya jengo pia inakatwa humo humo kwenye LUKU ingawa ni deni la mwenye nyumba, hivyo iandikwe kwenye mkataba kwamba atairudisha. Kabla ya kulipa, pita ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akuthibitishie aliyesaini ndiye mwenye nyumba kweli na hakuna kesi ya mirathi.