Nina kesi Marekani na nimemwombea mke wangu makaratasi, naomba ushauri

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Houston, nina grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), huu ni mwaka wa nne. Mwaka jana nilijaza fomu I-130 kumwombea mke wangu aliyeko Tanga aje kuishi huku. Mwezi uliopita nikagombana na jirani kisa maegesho ya gari (maegesho tu, jamani!), nikamsukuma, nikalala ndani usiku mmoja. Sasa nina shtaka la shambulio.

Wakili niliyepewa na mahakama anataka nikiri kosa, niwe chini ya uangalizi, nikimaliza salama kesi inafutwa. Inavutia. Ila nimesoma kwamba kwa sheria ya uhamiaji, ukishakiri na hakimu akakuwekea masharti, hiyo ni hatia hata jimbo likiifuta baadaye. Na tangu kesi ya Padilla katika Mahakama ya Juu ya Marekani, 2010, wakili anapaswa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Wangu hajagusia kabisa.

Waliopitia haya, ombi la mke ndilo litakalokwama, au hatari ni kwangu mwenye kadi? Nikienda Tanga Desemba, wakati wa kurudi uwanja wa ndege wataniruhusu kuingia tena Marekani kweli? Tiketi nimeshalipia, na mke bado sijamwambia.