Kuruwa ya distribisyo imekatika kwa Hiace 3L: tufungue kulasi ao tujaribu kwanza?

Taksibisi_Katuba:
Jambo bakubwa. Niko na Hiace ya zamani, moteri 3L ya mazutu, inafanya taksi-bisi. Ilikuwa inatoka Kasumbalesa na batu mukati, pa kupanda kilima moteri ikazimika mara moja, haikutosha moshi, haikupasha moto, ikazimika tu sawa mutu amekata kontakti. Shofere akapiga demarere, moteri ikazunguka mwepesi kupita kawaida na mukati munasikilika chuma inagonga, akaachia pale pale. Tuliivuta na kamba mpaka Lubumbashi. Fundi ametosha kifuniko ya mbele, kuruwa ya distribisyo (mukanda yenye inazungusha vyuma vya kufungua supapu) imekatika.

Sasa kila fundi na yake. Wa kwanza anasema aweke kuruwa mupya tupige demarere tuone. Wa pili anasema kulasi (kichwa ya moteri) itoke. Wa tatu anataka ninunue moteri ya okazyo, na ile bei ikitoka, familia italala njaa. Kintu ingine: taa ya T-BELT ku tablo (yenye inakumbusha kubadilisha kuruwa) haijawaka ata siku moja tangu ninunue hii motokari, njo sasa fundi ametosha tablo akakuta ampuli yake haiko, mutu aliitosha mbele ya kuniuzisha. Nilombe mashauri mbele nitoshe mafranga.

Mwana_Likasi:
Pole sana ndugu. Mi naona ujaribu kuruwa tu. Shemeji yangu ilimufikia na RAV4 ya kwanza, ile ya moteri 3S, ilikatika njiani, baliweka kuruwa na gale (kigurudumu yenye inakaza kuruwa), bakapiga, ikawaka, mpaka leo inatembea.

Yaya_Mazutu:
Mwana Likasi, ile ya shemeji yako ni kweli kabisa, lakini usimupe mwenzako ile shauri ju 3S-FE ni ya esansi na Toyota aliiacha na nafasi: kuruwa ikikatika pistoni haifikie supapu (vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutosha moshi). Mazutu haiko vile. 3L inafinya hewa zaidi ya mara 20 njo mazutu iwake yenyewe, esansi ya kawaida inafinya karibu mara 10 tu. Kwa kufinya vile, pistoni ikifika juu haibakie nafasi, supapu yenye imebakia wazi lazima igongwe. Na ile chuma shofere alisikia njo yenyewe.

Taksibisi, tafazali, mutu asiguse tena demarere. Kila mara inazunguka bila kuruwa ao na kuruwa yenye haiko pa alama, unaongeza hasara, supapu yenye ilipindika kidogo inaweza kuvunjika kichwa, ikianguka ndani inatoboa pistoni, pale njo utanunua moteri kweli.

Kama unataka kujua mbele ya kufungua, kuko njia. Bapange alama zote tatu, ya vilbreke (chuma yenye pistoni zinazungusha), ya arbra-kam (chuma yenye inafungua supapu) na ya pompi ya enjeksyo, baweke kuruwa, batoshe buji zote nne, bazungushe moteri na MUKONO, na ufunguo pa poli ya vilbreke, mara mbili nzima, polepole. Ikikwama, basilazimishe. Kama inapita, weka pistoni juu kwa silinda moja moja, supapu zote mbili zikiwa zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa pa tundu ya buji na usikilize: hewa ikitokea ku eshapema, supapu ya kutosha moshi imepinda, ikitokea ku filtre ya hewa, ni ile ya kuingiza. Saa moja tu fundi muzuri anakuambia ukweli, bila kuharibu jwen ya kulasi (ile inakaa kati ya kulasi na bloki).

Taksibisi_Katuba:
Aksanti yaya. Tumefanya leo. Inazunguka lakini silinda 2 na 3 hewa inatoka yote, moja ku eshapema, ingine pande zote mbili. Kulasi inatoka kesho.

Mama_Garaji_Kenya:
Basi moteri ya okazyo uache kwanza mwanangu. Supapu za 3L ni 8 tu, pyesi zake zinapatikana huku bila kuagiza mbali, na moteri ya okazyo hakuna mutu anajua kuruwa yake ina kilometa ngapi, utailipa na utaibadilisha kuruwa ile ile.

Kulasi ikifika kwa turnere (fundi wa kuchonga vyuma), supapu zilizopindika zisinyooshwe, zitupwe. Aangalie gide (tundu mwenye supapu inapita), na arbra-kam aitazame muzuri, ju supapu za 3L zimesimama wima, zikigongwa nguvu inapanda moja kwa moja kule juu, wakati ingine inapasuka na mutu haoni mpaka inaanza kulia. Juu ya pistoni utaona alama sawa mwezi mudogo, ile yenyewe si neno kama hakuna ufa.

Lakini mimi kilio yangu ni ingine. Bote munasema supapu, hakuna mutu amelomba kuruwa ilikatika ju ya nini. Iko wapi ile ya zamani? Usiitupe! Kama imelowa mafuta, jwen spi ya mbele (ile inazuia mafuta isitoke) inavuja, na kuruwa mupya itakufa vile vile. Kama meno yamenyolewa pahali pamoja, kuko kintu kilikaza, zungusha gale na kidole, ikikwaruza ao ikisimama ni yenyewe, na uzungushe na pompi ya enjeksyo. Kama imepasuka-pasuka mugongoni na imekauka, ni uzee tu. Nimeona mutu ameweka supapu mupya na gale ya zamani, motokari haikumaliza mwezi.

Na jwen ya kulasi usichukue ile ya kwanza banakupa pa duka. Ya 3L iko na unene tofauti, kuko alama zimekatwa pembeni, inachaguliwa kufuatana na vile pistoni inapita juu ya bloki. Ukiweka nyembamba kuliko yenye ilikuwa, supapu na pistoni zinaweza kukutana tena.

Yaya_Mazutu:
Mama amesema yote. Naongeza tu: ampuli ya T-BELT irudishwe. Iliwekwa ju ya kuwaka kila kilometa 100 000, ila kwa taksi-bisi na hii vumbi yetu, mi nabadilisha ku 80 000. Andika kilometa na tarehe na rangi pa kile kifuniko ya mbele, fundi yeyote atakayefungua aione.